Mlima Katika Maji Matupu

Kwanza nikiri. Nilimsingizia jini kosa langu mwenyewe, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Kazi yangu katika maabara ile ya Surabaya ilikuwa kusaga kamba wa mabwawani na kuwatia vichupani, ili Bu Wulansih, mama mkuu wa maabara, apime kwa mashine kama walipewa antibiotiki iliyokatazwa. Mashine hiyo hupima uzito wa chembe, na haikosi kuona hata kiasi kidogo kabisa. Dawa ikiwepo, mstari wake huchomoza kwenye kioo cha mashine kama mlima.

Mwezi ule niliugua macho. Nikanunua mafuta ya macho dukani, kama afanyavyo kila mtu kwetu, nikawa najipaka kwa kidole kisha narudi kusaga. Dawa iliyomo ni ileile tunayoitafuta. Nililitambua hilo baada ya kamba wa bwana mfugaji, Pak Karsono wa Gresik, kuonyesha mlima, wakakataliwa, akawafukia wote. Nikanyamaza.

Kisha hata kichupa nilichojaza maji matupu kikaonyesha mlima. Bu Wulansih akaosha mabomba mara tisa. Akabadilisha vipuri. Mlima palepale.

"Mas Tarno, hivi vichupa unaviosha au unavibusu?" akaniuliza, akiniita Mas, yaani kaka, kama kawaida yake.

"Naviosha, Bu."

"Basi niambie wewe. Mimi nimechoka."

"Labda jini wa bwawani," nikanong'ona. "Amekuja na wale kamba."

"Kanywe chai, Mas. Njaa hiyo."

Siku ya nne hakutania tena. Akamwita shehe wetu, Kiai Mukhlas, naye akasoma dua. Mimi nilikuwa nimeshatupa mafuta na kuvaa glavu mpya. Mlima ukatoweka, nami nikajigamba kwa wenzangu kwamba nilisema ni jini.

Alhamisi iliyofuata, baada ya adhuhuri, nilikuwa peke yangu na mashine. Pampu yake, ambayo huvuma siku zote, ikaanza kuvuta pumzi kama mtu aliyezama, harufu ya tope la bwawa ikapanda sakafuni, na kila nilipopiga hatua kuelekea mlangoni nikasikia nyuma yangu hatua nyingine, iliyolowa, inayochuruzika maji, mpaka sauti ikanigusa sikio: "Umeniita."

Kwenye kioo mlima ulikuwa umerudi.

Tangu siku hiyo jicho langu la kulia halikauki. Miezi saba sijagusa mafuta. Nikamweleza Bu Wulansih yote. Hakunigombeza. Alichukua chozi langu moja, akalipima. Mlima ulipanda mpaka ukatoka juu ya kioo.

"Toka humu, Mas," akasema taratibu. "Usiguse kitu."

Kiai naye alinitazama mara moja tu. "Jini huyu hakuvamia, amealikwa. Hatatoka mpaka Karsono aupate ukweli."

Nimekwenda kwake mara mbili. Nikifika tuta la bwawa lake, macho yote mawili yanajaa tope, sioni, na ulimi unakuwa mzito.

Wewe unapita Gresik kesho. Naomba umwambie Pak Karsono kwamba kamba wake walikuwa safi, na aliyewachafua ni mimi.