Kalibu ya Baba Claire

Jumamosi ilikuwa siku ya tope. Mapema asubuhi familia kumi na mbili za ushirika wa Tujengeane zilikusanyika kwenye kiwanja chao, karibu na mto Kalimabenge, mjini Uvira, mashariki mwa Kongo. Wanaume walichimba udongo, watoto waliukanyaga mpaka ukawa laini, na akina mama waliushindilia ndani ya kalibu za mbao ili kufyatua matofali.

Ushirika huo ulianzishwa mwaka wa uhuru. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kujenga nyumba ya matofali peke yake, basi walijenga kwa pamoja, nyumba moja baada ya nyingine, na kura ndiyo iliyopanga zamu. Aliyekwisha kupata nyumba hakuacha kazi. Aliendelea kufyatua mpaka wa mwisho naye apate.

Kila familia ilikuwa na kalibu yake, yenye alama iliyochongwa ubavuni. Mtu akisafiri aliiacha kwa mwenyekiti, Mama Apollinarie, na maana yake ilikuwa moja tu: nitarudi. Lakini akitoweka miezi mitatu bila kuacha kalibu wala neno, zamu yake ilikwenda kwa anayemfuata.

Zamu ya saba ilikuwa ya Thaddée, karani wa serikali, ambaye watu walimwita Baba Claire. Ya nane ilikuwa ya mjane, mama yake Sabine. Sabine alikuwa na miaka kumi na miwili, na Claire alikuwa rafiki yake.

Mwaka 1964 uasi uliingia Uvira. Shule zilifungwa. Milio ya bunduki ilisikika upande wa bonde la Ruzizi, na sokoni hata ndagala walikosekana, kwa kuwa wavuvi waliogopa kuingia ziwani. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, Claire alikuja mbio akiwa amekumbatia kalibu.

"Sabine, tunapanda milimani, Lemera, sasa hivi. Makarani wote wanatafutwa na waasi. Baba anasema upelekee Mama Apollinarie hii kalibu, umwambie tutarudi."

"Nitapeleka."

"Uape!"

"Weye nawe! Nimekwambia nitapeleka."

Na kweli alikusudia kupeleka. Lakini njiani alipita mbele ya nyumba ya saba. Kuta zilikuwa zimekamilika, mabati yamepigiliwa, umebaki mlango tu. Sabine alisimama. Alimfikiria mdogo wake Firmin, mwenye miaka mitatu, anayekohoa kila mvua inaponyesha kwa sababu paa lao la nyasi lilivuja. Kama Baba Claire asingeacha neno, nyumba hii ingekuwa ya nani?

Alirudi nyumbani, akaizungushia kalibu kitambaa na kuisukuma chini ya kitanda.

"Siku moja tu," alijiambia.

Siku moja ikawa wiki, wiki zikawa miezi. Kila Jumamosi mtu aliuliza, "Hakuna aliyesikia habari za Thaddée?"

"Karani yule!" alidakia Térence, fundi wa mabati. "Labda sasa anaandikisha nyani huko milimani."

Watu walicheka kidogo, kwa kuwa mwaka ule kicheko kilikuwa adimu. Sabine alitazama miguu yake ndani ya tope.

Mwezi wa tisa mvua zilirudi. Maji yalipenya kwenye nyasi na kudondoka juu ya mkeka. Kifua cha Firmin kilianza kukoroma kama chungu kinachochemka.

"Tuvumilie," mama yake alisema. "Zamu yetu iko inakuja."

Sabine alikuwa akihesabu wiki zilizobaki kutimiza miezi mitatu.

Siku ya mkutano ilipofika, wanachama walisimama mbele ya nyumba ya saba. Mama Apollinarie alikohoa.

"Miezi mitatu imepita. Kalibu ya Thaddée haikuletwa. Kwa kanuni yetu, nyumba hii inakwenda kwa Mama Sabine."

Mama Sabine aligusa ukuta wa nyumba ile.

"Nashukuru. Mtoto wangu anaumwa, siwezi kukataa. Lakini nitaingiaje humu? Baba Sabine alipozama ziwani, kuna waliosema mjane hatafyatua matofali ya kutosha, nafasi yake ichukuliwe. Baba Claire alisimama peke yake. Alisema, 'Nitafyatua ya kwangu na ya kwake.' Mwaka mzima alifanya hivyo, kwa kalibu yake."

Sabine aligeuka na kukimbia. Wakati watu bado wanaulizana amepatwa na nini, alirudi akihema, kitambaa mkononi. Aliifunua kalibu mbele ya wote.

"Minye njo niliificha," alisema huku akilia. "Claire alinipa siku waliyokimbia. Wako Lemera. Walisema watarudi."

"Kumbe!" Térence alifoka. "Mtoto mdogo hivi, mwizi wa nyumba nzima!"

Mama yake alifunika uso kwa kitenge. Hilo lilimuuma Sabine kuliko maneno ya Térence.

Mama Apollinarie aliipokea kalibu, akaifuta vumbi.

"Sabine, unajua ningefanya nini kama ungeileta siku ile?"

Sabine alitikisa kichwa.

"Nyumba tupu wakati wa vita haidumu. Isipovamiwa na askari, inaliwa na mchwa. Mwanachama akiacha kalibu, anayemfuata kwenye zamu ndiye mlinzi wa nyumba yake, analala humo mpaka mwenyewe arudi. Nyinyi watoto hamkulijua hilo, maana hajawahi kukimbia mtu. Firmin angelala chini ya mabati haya tangu mwezi wa sita."

Sabine aliitazama ile kalibu. Kikohozi chote cha mvua hizi, na aliyekileta ni yeye mwenyewe.

Wanachama waliamua palepale. Mama Sabine angeilinda nyumba ya saba wakati ya nane ikijengwa, na kila Jumamosi Sabine angefyatua matofali kwa kalibu ya Baba Claire, kwa niaba yake. Térence alitengeneza mlango, kisha akabeba kitanda kichwani bila kuombwa. Baada ya wiki chache kifua cha Firmin kilitulia.

Mama Apollinarie alituma habari Lemera kwamba kalibu imefika na nyumba inalindwa, kupitia mchungaji wa ng'ombe kutoka Mulenge, kule milimani. Jibu lilikuja kwenye kipande cha karatasi, kwa mwandiko wa Claire: "Asante Sabine. Nilijua utapeleka siku ileile."

Sabine alisoma, akaikunja karatasi, akaikunjua tena.

"Nifanyeje, Mama?"

"Tope liko kila mahali, mwanangu," alijibu Mama Apollinarie. "Yeyote anaweza kufyatua tofali. Lakini nyumba zetu zinasimama kwa sababu aliye mbali anaamini nafasi yake haitaguswa. Ulipoficha kalibu moja, ulilegeza kuta za nyumba kumi na mbili. Sasa umeanza kuziimarisha. Usiishie katikati."

Sabine alinawa tope mikononi, akaketi kizingitini pa nyumba ya saba, akachukua kalamu. "Claire," aliandika, "sikupeleka siku ileile."