Mkwe Mbele, Mkwe Nyuma

Kiangazi cha mwaka 1975, Eufrazia alikuwa anaanika mihogo yake pale Mwamkulu huku akipiga chafya. Anga lilikuwa limejaa moshi. Hakuna aliyeshangaa. Upande wa Mpanda, Agosti ikifika pori huungua na watu hupiga chafya. Tumezoea.

Siku hiyo mtu alisimama nyuma ya nyumba. Hakupiga hodi. Alikohoa tu.

"Nani huyo anakohoa kama mbuzi?" aliuliza Eufrazia.

"Ni mimi, mayu. Nkwabi."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Nkwabi alikuwa mume wa Hilaria, mtoto wa pekee wa Eufrazia. Mama akajifunika uso kwa kanga haraka. Kwao, mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni. Hawakai pamoja, hawali pamoja. Ni heshima. Basi Nkwabi, mwanaume mrefu anayekamata madume ya ng'ombe kwa pembe, akaongea na ukuta.

"Hilaria amekaribia kujifungua," aliuambia ukuta. "Anakuita. Anasema anataka mikono yako ndiyo impokee mtoto."

Mihogo iliachiwa jirani.

Walipanda lori la mbao, mama mbele kwa dereva, mkwe nyuma juu ya mbao. Lori liliishia kijiji cha mwisho. Kutoka pale hadi Mwese, kwa Hilaria, ni miguu tu. Walishuka jua likiwa kali, na milima ilikuwa imefichwa na moshi.

Mrina asali mmoja, Gelasius, alikuwa barazani kwake.

"Nyie! Mnakwenda wapi saa hizi? Upepo umeshaamka!"

"Mwese," alijibu Nkwabi bila kusimama. "Moshi wenyewe si huu wa kila mwaka?"

Nkwabi alitangulia mbali, kwa heshima. Kila penye njia panda aliweka tawi bichi, ili mama mkwe ajue pa kupita. Mpango mzuri sana, kama macho yanaona.

Upepo ukageuka. Moshi ukashuka njiani, mzito kama blanketi. Nkwabi aligeuka nyuma. Hakuona mtu.

"Mayu!"

Badala ya jibu akasikia nyasi zinapasuka, pa-pa-pa. Moto.

Alirudi mbio hadi njia panda. Tawi lake lilikuwepo, lakini nyayo za mama zilishika njia nyingine. Mama hakuliona kwa moshi. Alimkuta ameketi kwenye kichuguu, anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Nkwabi akageuza uso pembeni.

"Nimekuona, mayu. Yaani, sijakuona. Lakini nimekuona."

"Sasa niache hapa nife kwa heshima?" Eufrazia alisema kwa shida. "Nipe mkono, mwanangu!"

Alimwinua. Akaanza kumvuta kupanda mlima, kuukimbia moto.

"Si huko!" Sauti ilitoka kwenye moshi. Gelasius alikuwa amewafuata. "Moto hupanda mlima upesi kuliko mbuzi! Njooni huku palipokwisha kuungua!"

Aliwapitisha pembeni hadi kwenye uwanda mweusi uliokwisha kupoa. Wakasimama mbali na miti iliyoungua, isije ikawaangukia. Moto ukapita mbele yao ukipanda mlima. Pale walipokuwa haukuja. Haukuwa na cha kula.

Walirudi kijijini. Eufrazia alikaa ndani kwa Gelasius, akapewa maji na kuwekwa penye hewa. Nkwabi alikaa nje. Gelasius alikaa mlangoni, akigeuza kichwa huku na huku.

"Bwana ng'ombe," alisema, "mama mkwe wako unamheshimu. Moto je, unamheshimu?"

"Nimeanza leo."

"Basi sikiliza. Kiangazi, safari ya porini haipangwi kwa haraka ya moyo. Kwanza tunamuuliza mtu aliyetoka huko. Moshi ukija usoni kwako, upepo unaweza kukuletea na moto. Rudi. Tunaondoka alfajiri, upepo umelala, na tunapita palipokwisha kuungua na kupoa. Tena hatuachani. Kwenye moshi, hatua chache tu mnapoteana."

"Na kanga nikiilowesha?" aliuliza Eufrazia toka ndani.

"Itazuia majivu, mama. Moshi wenyewe unapita. Kifua kama chako dawa yake ni kusubiri."

"Mjukuu wangu hasubiri."

Hapo Gelasius hakuwa na utani. "Huenda ukamkuta ameshazaliwa, mama. Ni kweli. Lakini yeye akukute upo."

Kesho yake hakupita mtu kutoka Mwese. Walikaa. Eufrazia alisali rozari mpaka shanga zikachoka. Nje, Nkwabi alizunguka nyumba mpaka akachonga njia. Siku iliyofuata akaja msafiri, Yotham, anatoka Mwese.

"Mlimani bado kunawaka," alisema. "Bonde limeshaungua, limepoa. Piteni huko."

Alfajiri, kabla hawajaondoka, Gelasius alikata fimbo ndefu. Ncha moja alimpa Nkwabi, ya pili akampa Eufrazia.

"Mkwe mbele, mkwe nyuma," alisema. "Yeye anaona njia. Wewe mama unaona mgongo. Nani amemwangalia nani usoni?"

Eufrazia alicheka, mara ya kwanza tangu atoke Mwamkulu. Walipita bondeni, juu ya majivu. Kila kifua kilipombana, alivuta fimbo kidogo. Nkwabi alisimama bila kugeuka, akasubiri, mpaka fimbo ilipolegea tena.

Walipofika Mwese, mtoto alikuwa amezaliwa jana yake. Msichana. Majirani ndio waliompokea mtoto, salama. Eufrazia alisimama mlangoni, machozi yakamtoka.

"Nisamehe, mwanangu. Nimechelewa."

"Mtoto nimepata, mama," alisema Hilaria. "Wewe ningekupata wapi tena? Njoo umshike."

Alimshika. Akamnusa kichwa muda mrefu. Hakukohoa.

Kisha akakumbuka. "Baba yake yuko wapi? Hajamwona huyu!"

Nkwabi alikuwa nje, mgongo mlangoni, kwa heshima. Aliposikia anaitwa, alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaingiza ile fimbo ndani, kama alivyozoea njia nzima.

Eufrazia aliitazama ncha ya fimbo. Akaitazama sura ya mjukuu wake.

"Weka fimbo chini, mwanangu," alisema kwa upole. "Mtoto habebwi kwa fimbo. Geuka."

Nkwabi akageuka.