Picha za Harusi ya Anjana

Sajeevan alikuwa mpiga picha za harusi huko Irinjalakuda, mji wa jimbo la Kerala. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Yeye alipiga picha, mkewe Shyla alipanga albamu. Kompyuta yao ya zamani iliendeshwa na mfumo huria, ule wa bure ambao watoto wa Kerala hufundishwa shuleni. Haikuwahi kuwasumbua.

Asubuhi moja ya mvua walikuwa wakila puttu, unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke, pamoja na dengu, simu ikalia. Alikuwa Anjana, bibi harusi wa mwezi uliopita.

"Kaka Sajeevan, bibi yetu ametutoka. Tunataka picha yake ya siku ile ya harusi, tuiweke ukutani. Nyingine zote ni za zamani."

"Pole sana, dada. Jioni nakuletea."

Alipofungua kompyuta, ikamwambia diski imejaa. Sajeevan alikuwa na folda aliyoiita Harusi Majaribio, imejaa picha mbovu. Akaona bora aifute. Mtandaoni akakuta mtu asiyemjua ameandika amri fupi ya kufuta folda nzima mara moja.

"Hiyo amri inafanya nini hasa?" Shyla aliuliza.

"Inasafisha."

"Inasafisha nini?"

"Shyla, watu wana msiba, wananingoja."

Akanakili amri, akaongeza jina la folda mwishoni. Kompyuta ikaomba neno la siri la msimamizi. Akaliandika bila kufikiri, kama alivyozoea. Taa ya diski ikaanza kumeta. Ikaendelea kumeta. Folda ndogo haikupaswa kuchukua muda wote ule.

Akaitafuta folda kubwa iliyoitwa Harusi. Haikuwepo. Kazi za miaka zilikuwa humo, na ya Anjana pia. Akakimbilia pipa la taka la kompyuta. Tupu.

"Nakala je?" Shyla aliuliza.

Nakala hazikuwepo, na kadi za kamera zilikwisha kutumika kwa harusi nyingine. Akaanza kupakua programu ya kurudisha mafaili. Shyla akatoka mbio kwenye mvua, akarudi na jirani yao, Mwalimu Rajamma, aliyefundisha kompyuta katika shule ya serikali hadi alipostaafu.

"Unapakua nini?" Mwalimu aliuliza, mwavuli bado unamchuruzika.

"Programu ya kuzirudisha. Imefika nusu."

"Chomoa waya."

"Mwalimu, nikizima si ndiyo zitapotea kabisa?"

"Zinapotea sasa hivi, wewe unavyoongea. Chomoa, mwanangu."

Akachomoa. Chumba kikawa kimya, mvua tu juu ya vigae.

"Ukifuta faili," Mwalimu alisema, "ni kama nyumba: kompyuta inafuta jina mlangoni tu. Vyombo bado vimo ndani, mpaka aingie mpangaji mwingine avitupe. Kila unachopakua ni mpangaji. Haya, nionyeshe uliandika nini."

Sajeevan akaandika amri ile kwenye karatasi. Mwalimu akaweka kidole kati ya maneno mawili.

"Hapa uliacha nafasi. Wewe unaona folda moja, Harusi Majaribio. Mashine imeona mbili: Harusi, halafu Majaribio. Ilibidi uyafunge maneno kwa alama za kunukuu. Na kinachofutwa kwa amri hakipiti kwenye pipa la taka."

"Lakini mbona haikuniuliza?"

"Ilikuuliza neno la siri. Ukiombwa la msimamizi, maana yake umekabidhiwa panga. Simama kwanza, jiulize unakata nini."

Mwalimu aliiwasha kompyuta kwa mfumo uliokuwa kwenye flashi yake, ili diski ya ndani isiandikwe kitu. Picha zitakazopatikana zingehifadhiwa kwenye diski yake nyingine, ya pembeni. Kazi ikaanza, polepole mno. Umeme ukakatika, ukarudi, wakaanza upya. Picha zilizotoka hazikuwa na majina wala mpangilio. Nyingine zilikuwa nusu uso, nusu kijivu. Shyla alizipitia moja moja. Maharusi wa watu wengine, wapishi, viatu mlangoni.

Simu ikalia. Anjana.

"Mwambie umeme umekatika," Shyla alinong'ona.

Sajeevan akatikisa kichwa, akapokea. "Dada, nimefuta picha zenu kwa makosa yangu. Tunajaribu kuzirudisha. Sina hakika kama ya bibi itapatikana."

Sauti ya Anjana ikaja, ndogo: "Endelea kutafuta, kaka."

Jioni ilipoingia, Shyla akaacha kubofya. "Njoo uone," alisema.

Bibi alikuwa amesimama nyuma ya Anjana, akimchomeka maua ya asumini nywelani. Alikuwa anacheka, hana meno ya mbele. Picha ilikuwa nzima. Zile za bibi akimlisha Anjana, na akiwabariki maharusi, hazikuonekana tena.

Anjana aliipokea picha kwa mikono miwili, akaitazama, akalia. Hakumlaumu, na hilo lilimuuma Sajeevan kuliko lawama.

Tangu siku hiyo kila harusi iliwekwa nakala kwenye diski mbili, moja ikikaa kwa Mwalimu. Sajeevan hakuandika tena amri asiyoielewa. Kwanza alisoma maelezo yaliyomo ndani ya mfumo wenyewe, na palipomshinda aliuliza. Folda zake zote zikawa na majina ya neno moja.

Msimu wa harusi baada ya Onam, sikukuu ya mavuno, diski ya kompyuta ikafa yenyewe, ghafla, katikati ya albamu. Shyla alishtuka, akamtazama mumewe.

"Naenda kwa Mwalimu kuazima flashi ya kuiwashia," Sajeevan alisema, akivaa viatu. "Nakala za picha tunazo. Wewe endelea kuchagua jalada. Kesho watapata albamu yao."