Koti Lisilokauka

Koti lilikuwa limelowa tena.

Kathure aliigusa mikono ya koti, akanusa vidole. Maji ya kijito. Lilikuwa ndani ya kabati la chumba chake, ghorofa ya pili, Carrollton kando ya Dallas, mahali ambapo hapapiti bomba wala hapavuji paa. Jioni iliyotangulia alilitia kwenye mashine ya kukaushia nguo kwa saa nzima, hadi vifungo vikawa vya moto. Hii ilikuwa asubuhi ya tano.

Hakuwa na wa kumuuliza. Mama yake, Lydiah, muuguzi wa zamu ya usiku, hakujua kwamba koti lile lipo nyumbani. Hakuna aliyejua.

Lilikuwa koti la Kethia. Wasichana hao wawili, mmoja Mkenya na mwingine Mkongo, walikuwa na umri wa miaka kumi na sita na walisoma darasa moja. Wiki ya mwisho ya Novemba 2002, Kethia alikuja jioni na gari la mjomba wake wafanye hesabu pamoja. Wakati wa kuondoka, Kathure alimsindikiza hadi maegeshoni akiwa na fulana tu. Kethia akavua koti lake la buluu na kumvika.

"Kamata. Uko natetemeka kama kuku ya mvua."

"Na wewe je?"

"Mi niko na heater mu gari. Utanirudishia kesho ku masomo."

Saa moja baadaye, maili nane kutoka pale, maji ya mvua yalilisomba gari mahali barabara inapokatiza kijito. Kethia alitokea dirishani na kuukumbatia mti. Waokoaji walimkuta alfajiri angali ameukumbatia. Daktari alisema hakuzama. Aliuawa na baridi.

Wakati wa kilio, mama yake Kethia, Clothilde, alikusanya nguo zote za mwanawe katika sanduku moja. Kwao Uvira nguo za marehemu hazivaliwi na mtu hadi siku ya kuondoa matanga, wakubwa wanapozigawa mbele ya watu. Siku hiyo ilisogezwa hadi mwisho wa Februari, kwa kuwa ndugu wengi wanafanya kazi maghalani na hawakupata ruhusa pamoja.

"Koti ya blue ya mutoto," Clothilde alimuuliza Kathure, "hakuiacha kwako?"

Kathure aliona watu wote sebuleni wakimtazama. Kusema ndiyo kulikuwa sawa na kusema, mimi ndiye niliyekuwa na joto lake.

"Hapana, Mama Kethia."

Tangu siku hiyo hakuweza kutulia mahali. Darasani alihama viti. Usiku alitembea kutoka kitandani hadi dirishani. Februari ilipoanza, koti likaanza kulowa.

Katikati ya Februari vijana wa kanisa lao walikwenda kambini kwa siku tatu, kwenye nyika za kaskazini ya Decatur. Lydiah alimvisha binti yake skafu nyekundu aliyoifuma mwenyewe kazini, wagonjwa wakiwa wamelala.

"Hii ni yangu, sikupi, nakuazima. Ukirudi bila hiyo, baki huko huko na ng'ombe."

"Sawa, Mum."

Lydiah alipoingia kuoga, Kathure alilitoa koti kabatini. Aliogopa mama yake angelikuta, na redio ilikuwa imetangaza baridi kali. Lilikuwa kavu siku hiyo. Alilivaa kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ndani ya basi dogo la kanisa alikaa kiti cha nyuma, peke yake.

"Kathure, umevaa duvet?" Sheldon, kijana mwenzake, alimtania kutoka mbele.

"Wachana na mimi."

Walipopita Denton, Kariuki, mwalimu wa vijana aliyekuwa akiendesha, alipunguza sauti ya redio.

"Nani anatafuna barafu huko nyuma? Mtavunja meno."

"Si mimi, uncle," Sheldon akasema. "Hiyo ni kwa Kathure."

Kathure hakuwa akitafuna kitu. Alikuwa ameanza kusikia sauti hiyo kabla yao: meno yakigongana, haraka haraka, kwenye kiti kitupu kilichokuwa karibu naye.

Jumapili baada ya chakula cha mchana wenzake waliimba ukumbini. Yeye hakuweza kukaa. Alitia mandazi mawili mfukoni na kufuata njia ya farasi kati ya mialoni iliyopukutika, akikusudia kwenda dakika kumi na kurudi. Alikwenda arobaini. Mvua ilipoanza hakuijali. Kisha akaona kwamba matone hayatiririki kwenye matawi bali yanaganda, na kwamba njia aliyopitia imekuwa kioo.

Aligeuka kurudi. Akaanguka mara mbili. Alipoinuka mara ya pili, njia zilikuwa mbili, zote nyeupe, na hakujua ipi ni yake. Aliita. Tawi lilikatika upande wa kushoto kwa mlio kama wa risasi. Hakuna aliyeitika.

Alichagua njia ya kulia, na ikaishia kwenye waya wa mpaka. Saa yake ilionyesha kumi na moja kasorobo. Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba aliyepotea kwenye baridi atafute kinga mapema, asisubiri giza. Alipata mierezi mitatu iliyosongamana, matawi yake yakigusa ardhi. Akakusanya majani makavu chini yake, mengine akayajaza ndani ya suruali na chini ya koti, akavuta kofia ya koti, akala andazi moja. Skafu aliizungusha mara mbili shingoni. Alijiambia kwamba Kariuki ameshaita watu.

Ndipo meno yakaanza kugongana nje ya matawi.

"Kathure."

Ilikuwa sauti ya Kethia.

"Niko nasikia baridi, Kathure. Unipe koti yangu."

Harufu ya maji ya kijito iliingia chini ya matawi, harufu ya tope na majani yaliyooza, na Kathure akaona kupitia mwanya miguu miwili isiyo na viatu imesimama juu ya barafu, vidole vyake vya rangi ya jivu, na maji yakitiririka kutoka kwenye vifundo na kugandia pale pale chini ya nyayo, wakati kila kitu kingine katika nyika ile kilikuwa kimeganda kitambo.

"Unipe koti. Nitaenda."

Mikono yake ilifika kwenye vifungo kabla hajaamua, akafungua cha kwanza, akafungua cha pili, kwa sababu kwa miezi mitatu hakuwa na ombi lingine kwa Mungu ila apate nafasi ya kulirudisha koti lile, na sasa mwenyewe alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake akiliomba, na ingawa alijua kwamba akilivua hatafika asubuhi, jambo hilo lilionekana kwake kuwa haki, hata dogo, mtu kufa kwa baridi iliyokuwa yake tangu mwanzo, na angelivua kweli kama sauti ile ingenyamaza hapo.

"Uliniibia," sauti ikasema.

Kidole cha Kathure kikasimama kwenye kifungo cha tatu. Aliona maegesho ya Carrollton, taa ya njano, Kethia akimpandishia kola na kucheka.

"Sikukuibia," alisema. Midomo yake haikufunga vizuri. "Kethia alinipa. Alinivalisha na mikono yake."

Akavifunga tena vile vifungo viwili.

"Wewe si Kethia."

Meno yaligongana kwa nguvu zaidi, sasa pande zote za mierezi, kana kwamba wako wengi, na matawi yakaanza kutikisika na kumwaga vipande vya barafu kichwani mwake, na sauti ikarudia, chini, karibu na sikio, ikiomba bila kupumzika: basi nipe kitu, kitu kidogo, kitu chenye joto, nipe kitu niondoke, nipe kitu, nipe, nipe, hata akaziba masikio na bado akaisikia ndani ya meno yake mwenyewe.

Alifungua skafu na kuitupa nje.

Meno yakanyamaza.

Usiku ule hakusikia kingine ila miti ikikatika. Alisogeza vidole vya miguu na kuvihesabu. Alikula nusu ya andazi la pili, akaiacha nusu nyingine kama sababu ya kufika asubuhi. Kulipopambazuka alisikia trekta. Mzee mmoja alikuwa akiwapelekea ng'ombe wake majani makavu, na alimvuta Kathure kutoka chini ya mierezi kama anavyovuta ndama.

"Mwenzako yuko wapi?" mzee aliuliza.

"Nani?"

"Yule mwenye skafu nyekundu. Nimemwona kwenye waya."

Kathure alitazama kwenye waya. "Nilikuwa peke yangu," alisema.

Alilazwa siku tatu. Siku ya kwanza alimwambia Lydiah kila kitu kuhusu koti. Lydiah hakumkaripia. Alimpigia simu Clothilde, na Clothilde akampigia Mama Bertila, mwanamke wa maombi aliyeishi Gulfton, Houston. Jumamosi ya kuondoa matanga, Bertila aliendesha gari kwa saa nne kuja Dallas.

Nyumbani kwa Clothilde alimkalisha Kathure jikoni, kati ya mama hao wawili.

"Hii si mutoto wa Clothilde," alisema kwa sauti ya chini. "Ni pepo. Wengine banaita jini. Inapita fasi, mahali batu banalia, inakuta nguo haina mwenyewe, inaingia mule. Kule mu pori iliomba nini?"

"Koti."

"Uliipa?"

"Hapana, Mama Bertila."

"Na kitu ingine? Hata uzi? Ukiipa kitu, inafuata mwenye kitu."

Lydiah alikuwa amemshika mkono. Hakuwa amelala vizuri kwa wiki nzima, macho yake yalikuwa mekundu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya barafu uso wake kulegea. Nayo skafu ilikuwa yake. Kathure alihesabu watu waliosikiliza mlangoni.

"Hapana," alisema.

Bertila akaliosha koti kwa maji ya chumvi, wakaimba hadi saa tisa mchana, na Clothilde akalifungua sanduku. Nguo ziligawanywa moja moja. Koti lilikuwa la mwisho.

"Mutoto wangu alikupa," Clothilde akasema, akimvisha. "Na mimi nakupa. Usiogope tena kuivaa."

Kathure alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Asubuhi koti lilikuwa kavu. Asubuhi ya pili pia. Alilala usiku kucha bila kwenda dirishani.

Jumanne jioni alikuwa bafuni aliposikia mama yake akijitayarisha kwenda kazini.

"Kumbe skafu yangu umeirudisha!" Lydiah alisema kutoka chumbani kwa binti yake. "Iko hapa kabatini, na mimi nilidhani ng'ombe wameivaa. Haya, nimechelewa. Chakula kiko kwa jiko."

Mlango wa mbele ukafungwa.

Kathure alitoka mbio. Kabati lilikuwa wazi. Koti lilining'inia mahali pake, kavu. Hanga ya pembeni yake ilikuwa tupu, na zulia chini yake lilikuwa limelowa. Alifika dirishani wakati gari la mama yake likitoka maegeshoni. Kioo cha upande wa abiria kilikuwa kimefunikwa na ukungu kwa ndani.

Alichukua simu. Lydiah aliipokea ulipolia mlio wa pili.

"Nini tena? Niko kwa barabara."

"Mum, vua hiyo skafu. Itupe nje."

"Hii? Na vile kuko na baridi? Hata heater haishiki leo."

"Mum, please. Uko na nani?"

"Niko na nani aje? Niko peke yangu." Lydiah akacheka. "Wewe ndiye unatetemeka hivyo? Hebu vaa koti, nasikia meno yako mpaka huku."

Kathure alifunga kinywa chake. Aliyabana meno hadi taya zikauma, akasikiliza. Ndani ya simu, meno yaliendelea kugongana.