Ruta Iliyokufa na Birika la Bibi

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alitupa mkoba kwenye kochi, akamwamkia Bibi, kisha akaenda kuitazama ruta kabla hata ya kuvua viatu. Jina la Chapuchapu alipewa nyumbani, na lilimkaa sawasawa. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili hakujua kusubiri. Chai aliinywa ingali moto ikamuunguza ulimi, na hesabu alizijibu kabla ya kulisoma swali hadi mwisho. Mwalimu wake alisema iko siku atajibu mtihani wa mwakani.

Ruta yenyewe ilikuwa kiboksi cheusi chenye antena mbili, kilichokaa kwenye rafu ya sebuleni na kuiletea intaneti nyumba nzima. Ilikuwa imezeeka. Kampuni iliyoitengeneza iliacha zamani kuitolea programu mpya, na siku hizi ilikata mtandao kila ilipojisikia. Simu nazo hazikuwa msaada. Nyumba ilikuwa bondeni, imebanwa na maghorofa, na simu zilishika mtandao ukiegemea dirisha la jikoni tu, tena kwa kubahatisha.

Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa fundi wa redio, simu na kompyuta. Alimweleza Chapuchapu kwamba ndani ya ruta mna kompyuta ndogo, na kwamba programu yake ya zamani inaweza kuondolewa na kuwekwa Linux, programu inayotengenezwa na watu wengi duniani na kutolewa bure. Ruta nyingi kuukuu zimefufuka kwa njia hiyo. Tatizo ni kwamba ruta yao haikuwamo kwenye orodha ya zile zilizokwisha kujaribiwa. Mjomba alikuwa amewauliza mafundi wenzake mtandaoni, akasema wasubiri majibu. Jumamosi angekuja, waifanye kazi hiyo pamoja.

Neno "wasubiri" ndilo lililoharibu mambo. Jumamosi hiyohiyo alasiri, Dada alikuwa na usaili wa kuingia chuo cha uuguzi, na usaili wenyewe ulikuwa wa video. Alikwisha kuukosa mwaka uliopita. Chuo kilitaka mwombaji awe kwenye chumba kimya, kamera imewashwa muda wote, na mtandao ukikatika basi, anaitwa mwingine. Chapuchapu alimsikia Dada akijizoeza kujibu maswali mbele ya kioo, akatamani kumfanyia jambo la kumshangaza.

Kwa hiyo Ijumaa, Mama akiwa kazini, Dada akiwa maktaba na Bibi amejilaza, Chapuchapu aliwasha kompyuta. Kwenye orodha alikuta ruta yenye jina lilelile na picha ileile. Aliigeuza yao chini juu, akasoma kibandiko. Yao ilikuwa toleo la tatu. Ile ya kwenye orodha ilikuwa toleo la pili, na chini yake yameandikwa maneno mazito kwamba faili lile ni la toleo la pili peke yake.

"Mbili na tatu ni majirani," alijisemea, akalipakua.

Ruta ilimuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye skrini, ukafika katikati, ukaganda. Alisubiri kidogo, na kwake yeye kidogo ilikuwa nyingi. Akachomoa waya wa umeme, akauchomeka tena. Taa zote zikazima, isipokuwa moja nyekundu iliyopepesa, ikapepesa, na haikufanya kingine chochote. Alijaribu kila alichokijua. Alipomsikia Bibi akikohoa chumbani, aliirudisha ruta kwenye rafu, akafuta kwenye kompyuta kila alichokipakua, akakaa kwenye kochi na kitabu mkononi. Kitabu kilikuwa juu chini.

Mama alirudi pamoja na Dada. Haukupita muda Dada akauliza mtandao umekwenda wapi.

"Sijui," Chapuchapu akajibu. "Nimeikuta hivyo hivyo."

Lilikuwa jibu dogo, na lilimtoka haraka kama majibu yake yote. Alidhani limekwisha hapo. Lakini Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, alifikiri kidogo kisha akasema kwamba mchana alichomeka birika la umeme kwenye soketi ileile ya ruta, kwa kuwa ya jikoni imelegea, na kwamba alisikia kitu kikilia tap.

Mama alishika kiuno. Alikuwa amechoka, na Dada alikwisha kuanza kulengwalengwa na machozi. "Mama, mara ngapi nimekuomba usichomeke vitu pale? Miwani unaisahau bafuni, jiko unaliacha linawaka, sasa na hili. Unajua kesho ni siku gani kwa mwanangu?"

"Najua," Bibi akasema taratibu. "Basi itakuwa ni mimi."

Chapuchapu alitaka kusema ukweli. Kwani angeanzia wapi? Kama angesema sasa, angekuwa ameharibu ruta, amedanganya, na tena amemwacha Bibi asemwe mbele yake. Mambo yalikuwa yamekuwa matatu kwa mpigo. Alijiambia atasema baada ya chakula. Baada ya chakula akajiambia atasema Mama akishapoa. Kila alipoahirisha, mlango wa kutokea ulizidi kuwa mwembamba.

Bibi alikuwa na utani wake wa siku zote wa kumwita Chapuchapu mke mwenza. Akimwona anaosha vyombo, angesema mke mwenzangu leo anataka kunipiku. Jioni ile hakutania. Jumamosi asubuhi hakupika chai yake, alikunywa maji tu. Kisha alimwita mjukuu wake kwa sauti ya chini, akamwomba amwashie taa ya ushoroba.

"Swichi si hiyo hapo, Bibi?"

"Naiona. Niwashie wewe tu."

Chapuchapu aliiwasha. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyumba ilikuwa ileile, lakini siku hiyo kila chumba alichoingia kilimbana. Sebuleni palikuwa na ruta, jikoni birika limefunikwa kitambaa, na chumbani Dada akilia huku akizungumza na rafiki yake kuulizia mahali pengine pa kufanyia usaili. Duka la intaneti la karibu lilikuwa limejaa vijana wanaocheza michezo ya kompyuta, kelele tupu. Kwa rafiki yake kulikuwa na wageni.

Mjomba alifika na mkoba wake wa vifaa. Chapuchapu alimpa shikamoo akiwa ametazama sakafu. Mjomba alikuwa na mwiko mmoja katika kazi yake: hashiki bisibisi kabla ya kuuliza kitu cha mwisho kilichofanyika kilikuwa nini. Watu walimcheka kwa hilo, wakisema anahoji kama daktari. Aliuliza, na Mama akamweleza habari ya birika. Bibi akaitikia kwa kichwa.

Mjomba akamgeukia Chapuchapu. "Na wewe? Hukuigusa? Maana nakufahamu."

"Sikuigusa, Mjomba."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mzito kuliko wa kwanza.

Mjomba aliamini. Alibadilisha adapta ya umeme, taa ikabaki nyekundu. Alifungua kifuniko, akapima hapa na pale kwa mita yake, akakuna kichwa. Umeme uliingia vizuri. Akapima tena. Saa ya ukutani haikumwonea mtu huruma, na Dada alikuja kuchungulia mara kwa mara akiwa amekwisha kuvaa nguo za usaili. Mwishowe Mjomba alichomeka chuma cha solda, kile cha kuyeyushia viungo vya vipuri, kipate moto, akaonyesha kijipande cheusi kwenye bodi ya ndani ya ruta.

"Mita inaniambia ni kizima," alisema, "lakini kwa habari niliyopewa, kilichoungua lazima ni hiki. Nitakitoa, nipitishe waya mahali pake. Sina kingine cha kuweka, kwa hiyo nikikosea, leo hii ruta ndiyo imekwisha."

Moshi mwembamba ulianza kutoka kwenye ncha ya chuma. Mjomba aliinama. Chapuchapu aliutazama mkono ule ukishuka, na akaelewa kwamba haukuwa ukiongozwa na macho ya Mjomba wala na mita yake. Ulikuwa ukiongozwa na maneno yake yeye.

"Mjomba, usikitoe. Birika halina kosa. Ni mimi."

Mama alisimama. Mjomba alirudisha chuma mahali pake, na sura yake haikuwa ya utani hata kidogo. Hakupiga kelele. Alimwambia akae, kisha akaanza kumuuliza kimoja kimoja: aliweka faili gani, la toleo gani, lilifika wapi, na alizima lini. Chapuchapu alijibu yote huku akilia, pamoja na habari ya kufuta alichokipakua. Alipofika pale alipochomoa waya, Mjomba alivuta pumzi.

"Kumbe haijaungua," alisema. "Imevishwa nguo isiyo yake, tena nusu. Ungesema tangu asubuhi, sasa hivi tungekuwa tunakunywa chai."

Alimweleza Dada, ambaye hakuwa na hamu ya somo, kwamba ndani ya ruta mna kiprogramu kidogo kinachoamka kabla ya vyote, na huenda hicho hakikuguswa. Aliunganisha nyaya tatu nyembamba kwenye vijitundu vya bodi, upande wa pili akaziunganisha na kompyuta yake. Akamwambia Chapuchapu awashe umeme. Mistari ya herufi ikaanza kumiminika kwenye skrini, ikasimama mahali fulani, kisha ikaanza upya, tena na tena. Ruta ilikuwa hai, ila ilikuwa ikizunguka palepale bila kupata njia.

Mafundi wa mtandaoni walikuwa wamemjibu Mjomba asubuhi hiyo. Mmoja wao, mtu asiyemjua hata kwa sura, alikuwa na ruta ya toleo la tatu, akajaribu, akafaulu, akamtumia faili lake. Mjomba alikuwa nalo kwenye flashi tangu alipoingia. Hakulitaja kwa sababu aliambiwa ruta imeungua, na ruta iliyoungua haiwekewi programu.

"Kuna nafasi fupi sana ya kubonyeza, kabla haijaanza kuzunguka tena," alimwambia Chapuchapu. "Bonyeza nikisema. Si kabla."

Chapuchapu aliweka kidole juu ya kibodi. Mistari ilipita. Kidole kilimwasha, na kila kiungo mwilini mwake kilitaka kubonyeza. Akasubiri. Mistari ikaendelea. Akasubiri.

"Sasa."

Alibonyeza. Mistari ikasimama, na alama ndogo ikabaki inapepesa, ikingoja amri. Mjomba hakuliandika faili moja kwa moja kwenye ruta. Aliliwasha kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika ukizima, ili ajue kama linaelewana na ruta kabla ya kulikabidhi nyumba. Lilielewana. Ndipo akaliandika, na safari hii wote walikaa mikono mapajani hadi likamalizika lenyewe. Taa ya kijani iliwaka, na nyingine ikaifuata.

Dada alichukua kompyuta, akakimbilia chumbani. Muda si mrefu sauti yake ilisikika kupitia mlangoni, imetulia, ikijibu maswali moja baada ya jingine bila kukatika.

Mjomba alikusanya vifaa vyake. Kabla ya kuondoka, alimtaka Chapuchapu awaandikie mafundi wale wa mtandaoni kila alichokifanya, hatua kwa hatua, bila kupamba. Mtu mwingine mahali fulani, alisema, ameshika toleo la tatu mkononi na faili la toleo la pili, na anafikiri ni majirani.

Mama alikwenda kukaa karibu na Bibi. Alimwomba radhi kwa maneno machache. Chapuchapu alipiga magoti mbele yao, akasema nisamehe Bibi.

Bibi alimshika bega. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini nisikilize. Kusemwa na mama yako hakukuniuma sana, nimesemwa na wengi. Kilichoniuma ni kwamba nilianza kujiogopa. Usiku kucha nilijiuliza kama akili imeanza kunikimbia. Leo asubuhi niliogopa hata kugusa swichi ya taa, nikadhani nitaiunguza nyumba na nyinyi ndani."

"Sikujua, Bibi. Nilidhani ni ruta tu."

"Ndiyo maana nakwambia, ili ujue. Ukisema uongo, usidhani unabaki pale ulipouacha. Unatafuta mtu wa kumkalia, na mtu huyo mara nyingi ni yule asiyekudhania mabaya. Ruta inafufuka kwa waya. Mtu akishaacha kujiamini, ni kazi ndefu kumrudisha. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, hata ukitetemeka. Tutakugombeza, kisha tutakusaidia."

Chapuchapu aliitikia. Kisha akamshika Bibi mkono, akamwinua, wakatembea pamoja hadi ushorobani, mahali palipokuwa pameanza kuingia giza. Hakuigusa swichi. Alisimama kando yake akasubiri, bila haraka yoyote, hadi Bibi aliponyoosha mkono mwenyewe akawasha taa.