Kondoo Dume wa Jezi Namba Nne

Simu iliita mara mbili, ikakatika, ikaita tena.

Réal Vaillancourt aliinyanyua.

"Jezi yako ya zamani imetoboka," sauti ilisema. "Fundi yuko Saint-Alphée."

"Imetoboka wapi?"

"Kifuani. Penye nembo."

Laini ikafa.

Mengine aliyapata njiani. Alikuwa ndani ya Pontiac yake, theluji ikipiga kioo, redio iliyofichwa chini ya dashibodi ilipokohoa.

"Bundi hapa." Bundi alikuwa mkuu wake. "Michoro ya mtambo wa kusikilizia nyambizi imeibwa maabara ya jeshi. Wamekwisha kuipiga filamu. Filamu imeshonewa chini ya nembo ya jezi ya hoki. Saint-Alphée leo kuna maonyesho ya jezi kongwe, kesho zinapanda ndege kwenda Ulaya. Wewe ni mtafiti wa nembo. Unaandika kitabu."

"Jezi ni za nani?"

Bundi alisita. Bundi hakuwa mtu wa kusita.

"Normand Thibodeau."

Réal aliukamata usukani kwa nguvu.

"Kama huwezi, namtuma mwingine."

"Naweza."

Alijibu haraka mno. Wote wawili walilijua hilo.

Normand Thibodeau alikuwa akiishi na Ghislaine, na Ghislaine alikuwa mke wa Réal kabla hajawa wa Normand. Ni Ghislaine aliyemfundisha nembo. Zile siku chache ambazo kazi ya siri ilimwachia nafasi, walizunguka pamoja vijiji vya mto Saint-Maurice, wakipanda darini kwa wachezaji wastaafu, wakifunua masanduku yanayonuka dawa ya nondo, wakigeuza jezi ndani nje kutazama mshono. Réal hakupenda jezi. Alimpenda aliyezishika. Kisha siku zikapungua, safari zikaongezeka, na majira fulani ya kuchipua alirudi nyumbani akakuta kabati la mkewe halina hata kibanio.

Hakulia. Ila toka siku hiyo, jina la Normand lilipotajwa, alibadili mazungumzo.

Sasa aliendesha huku akiomba jambo moja tu.

Normand awe ndiye mwizi.

* * *

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi ulioungana na uwanja wa barafu. Jezi za sufu zilining'inia ukutani, nyekundu na nyeupe, kila moja ikiwa na kichwa cha kondoo dume kifuani. Zilikuwa za Béliers, timu iliyokufa siku kiwanda cha karatasi kilipofungwa. Wazee walisimama mbele ya jezi hizo wamevua kofia, kama watu walio msibani.

Ghislaine alimwona kwanza.

"Kitabu?" alisema, akimpima toka viatu hadi utosini. "Wewe? Hata kadi ya Krismasi hukuwahi kuimaliza."

"Watu hubadilika."

"Wengine."

Mtu mkubwa alitokea nyuma yake na sahani ya pai ya nyama. Pua yake ilikuwa imevunjika zaidi ya mara moja, na alikuwa akitabasamu.

"Karibu, ndugu yangu. Mimi Normand. Nimesikia habari zako."

"Nzuri?"

"Chache."

Ghislaine alicheka. Kisha akauvuta mkono wa Normand, akamfunga kifungo cha shati pale kwenye kifundo cha mkono, polepole, bila kutazama, kama afanyavyo mtu aliyelizoea jambo. Normand alisubiri ametulia kama mtoto anayevalishwa.

Miaka yote ya ndoa yao Ghislaine hakuwahi kumfunga Réal kifungo hata kimoja.

Wivu kidonda, wahenga walisema, ukishiriki utakonda. Réal aligeuza uso.

"Inauma, eeh?"

Aliyesema alikuwa Fernand Lacoursière, msimamizi wa maonyesho. Tai ya hariri, nywele za mafuta, chupa bapa ya jini mfukoni. Alimmiminia Réal kidogo kwenye kikombe cha karatasi.

"Nini kinauma?"

"Usijifanye, kaka. Mji mdogo huu. Kila mtu anajua nani alikuwa wa nani." Akashusha sauti. "Mie simsemi mtu. Lakini juzi nilimkuta Normand chumba cha jezi, kajifungia peke yake. Mkononi ana sindano."

"Sindano?"

"Nasema nilichokiona. Alishtuka kama mwizi."

Jini ilikuwa kali. Maneno yalikuwa matamu zaidi.

* * *

Réal alitoa kiberiti chake cha Zippo.

Hakikuwa kiberiti tu. Ukibonyeza kitako, kilitoa mwanga hafifu wa zambarau. Chini ya mwanga huo uzi wa pamba wa zamani hubaki mfu. Uzi wa viwanda vya siku hizi huwaka.

Alipita jezi moja baada ya nyingine, daftari kwapani, akijifanya anachora.

Giza.

Giza.

Giza.

Namba nne.

Pembe la kondoo dume liliwaka buluu.

Alisogeza kioo cha kukuzia. Nembo yenyewe ilikuwa ya kweli: mshono wa mnyororo, vitanzi vimelaliana kama magamba ya samaki, kazi ya mashine ya kuzungusha kwa mkono. Lakini ukingo mmoja ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono. Mishono midogo kama meno ya siafu. Alibonyeza kwa kidole gumba. Chini yake kulikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa ukucha.

Kanuni ya kazi aliijua. Iache hapo. Kaa kando. Tazama nani atakuja kuichukua.

Badala yake aliinua kola ya koti, penye kipaza sauti.

"Bundi. Filamu ninayo machoni. Mwizi ni Thibodeau. Ingieni."

"Una uhakika?" kifaa kidogo cha sikioni kilinong'ona.

Upande wa pili wa ukumbi, Ghislaine alikuwa akimpangusa Normand makombo ya pai kidevuni.

"Nina uhakika."

Milango ilifunguka. Wanaume wanne wenye makoti marefu walimzunguka Normand, pingu zikalia. Réal alisogea karibu. Alitaka kuuona uso wa Normand ukianguka. Zaidi ya hapo, alitaka kuuona uso wa Ghislaine.

Jasusi hatakiwi kutazama uso wa mwanamke wakati kama huo.

"Kafanya nini?" Ghislaine aliuliza.

"Kashona filamu ya siri ya jeshi chini ya nembo."

"Kashona?"

Aliikamata mikono ya Normand, pingu na yote, akaiinua hadi mbele ya macho ya Réal. Vidole vilikuwa vimepinda kila upande, viungo vimevimba kama tangawizi.

"Huyu alikuwa golikipa, Réal. Kila kidole hapa kimevunjika. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo kila asubuhi, maana hawezi. Umetuona pale, ukanuna. Mtu asiyeweza kifungo atatia uzi kwenye sindano?"

Réal alivitazama vidole vile. Aligeuka.

Kitundikio cha namba nne kilikuwa kitupu.

Nje, injini ilinguruma.

* * *

Fernand alikuwa tayari juu ya mto ulioganda, nyuma ya ukumbi. Pikipiki ya theluji ya njano ilikata barafu ikielekea darajani, na ng'ambo ya daraja ndege ndogo ya Cessna, yenye miguu ya kuteleza, ilikuwa imewasha rafadha.

"Chukua yangu," sauti ilisema nyuma yake.

Ilikuwa ya Normand. Maafisa walikuwa wamemshika mabega.

"Pikipiki ya theluji, Ski-Doo nyeusi ile pale. Funguo mfuko wangu wa kulia. Fuata misonobari iliyochomekwa kwenye barafu, usiiache. Usikate kona ya daraja. Mkondo unaila barafu kwa chini."

Réal alichomoa funguo. "Kwa nini unaniambia?"

"Ukizama, Ghislaine atalia." Normand hakuwa akitabasamu tena. "Sitaki akulilie wewe."

Réal alimwelewa kuliko alivyowahi kumwelewa mtu yeyote.

Aliruka juu ya Ski-Doo.

Upepo ulimchana mashavu. Misonobari midogo ya kuonyesha njia ilipita kulia kwake, mmoja, mwingine, mwingine. Fernand aligeuka, akainua bastola.

Kioo cha mbele kikapasuka.

Réal aliinama, akaongeza moto. Umbali ulikuwa unapungua, ila hautoshi. Njia ya misonobari ilizunguka mbali. Ukikata kona, unamkamata. Ukifuata misonobari, anapanda ndege.

Fernand alikata kona.

Réal alifuata misonobari.

Barafu ililia kama mbao inayochanwa. Pikipiki ya njano iliinua mkia na kutoweka. Kilichobaki ni shimo jeusi, mvuke, na mikono miwili inayokwangua ukingo.

Rubani aliona. Cessna ikaanza kuondoka.

Réal alisimamisha, akapiga goti, akachomoa bastola yake ya Browning. Risasi mbili kwenye mguu wa kushoto wa ndege. Mguu ulikunjika, bawa likalima theluji, ndege ikazunguka na kunyamaza. Magari ya Idara ya ujasusi yalikuwa tayari yanashuka ukingo ule.

Alilala kifudifudi, akajivuta hadi karibu na shimo, kamba mkononi.

"Nivute," Fernand alisema, meno yakigongana.

"Jezi kwanza."

"Nitakufa."

"Jezi."

Fernand alifungua koti kwa mkono mmoja. Jezi ilirushwa, ikatua kwenye barafu, ikaanza kukakamaa papo hapo. Ndipo Réal alipotupa kamba.

Alipomfikisha penye barafu nene, Fernand alicheka, midomo ya buluu.

"Mtu asiyemaliza kadi haandiki kitabu; nilijua wewe ni jasusi. Ila sikudhani utanasa upesi vile. Nilikuwa nimekuandalia uongo mwingine wa akiba. Kijicho chako kilinifanyia kazi yote."

Réal alimfunga mikono, akakaza fundo.

* * *

Pingu za Normand alizifungua mwenyewe, mbele ya wazee wote.

"Nilikosea."

"Hukukosea, ndugu," Normand alisema. "Ulitaka iwe mimi. Si kitu kimoja."

Ghislaine alichukua jezi iliyoganda, akaikunjua kifua. Kondoo dume alikuwa mzima.

"Filamu nimeitoa," Réal alisema. "Ule uzi mpya uliobaki ufumueni. Hauna heshima."

"Nitaufumua." Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama bila hasira. Lakini mikono yake ilikuwa imekwisha kuvikusanya vidole vya Normand, akivipulizia pumzi ya moto kimoja kimoja.

"Nyumbani kuna supu ya njegere," Normand alisema. "Njoo ule. Nasema kweli."

Alisema kweli. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Nina safari."

Ndani ya Pontiac redio ilikuwa inaita.

"Bundi hapa. Filamu yote ipo?"

"Yote."

"Na Thibodeau? Ripoti inasema tulimkamata kwa neno lako."

"Andika kwamba nilisema nina uhakika, na sikuwa nao."

"Hilo litakugharimu."

"Najua."

"Kuna kazi Halifax. Bandarini."

"Hakuna ya mbali zaidi?"

Bundi alifikiri. "Ipo."

"Nipe hiyo."

Aliwasha sigara, akawasha gari. Barabara ya kutoka mjini ilipita mbele ya nyumba ya Normand. Taa za jikoni zilikuwa zinawaka, na pazia halikuwa limefungwa.

Réal Vaillancourt hakupunguza mwendo.