Kichupa Kisichopenda Mwanga

Kufuli lilikuwa limevunjwa, mlango wa jokofu wazi, maji yametapakaa sakafuni. Katika maabara nzima ile ya Kitengela, kompyuta tano zikiwamo, mwizi alichukua kichupa kimoja kisichojaza hata kijiko.

Inspekta Ndeti alikereka kabla hata ya kuambiwa kilikuwa na nini.

"Kingamwili," alisema Daktari Munyiva, mkuu wa maabara. "Inanasa alama kwenye histoni, zile protini ambazo DNA hujizungushia. Ikinasa, inang'aa. Tunapima damu ya watoto wa Oltepesi waliozaliwa mwaka wa ukame, kuona kama uliwaachia alama hizo."

"Daktari, mimi ni polisi. Nani angeinunua?"

"Hakuna."

Ndeti alishusha pumzi. Wiki nzima alikuwa akifukuzana na wezi wa mbuzi, na mbuzi angalau analiwa.

"Ilitumika lini mwisho?"

"Jana mchana. Nashon ndiye aliyepima."

"Nione majibu."

Nashon, fundi wa maabara, alifungua picha kwa uvivu wa kuudhi. Vishimo tisini na sita vya sahani ya kupimia, vyote vyeusi.

"Hata hiki cha pembeni?" Munyiva aliinama. "Hiki ni cha kulinganishia. Lazima king'ae."

"Basi dawa ilikufa mchana, ikaibwa usiku," alisema Ndeti. "Huwa inakufaje?"

"Ikikaa kwenye mwanga. Ndiyo maana kasha lake tunalifunga foili."

"Nashon, foili iko wapi?"

Nashon alianza kuzima kompyuta.

"Kijana, usinichoshe."

"Roli ilikuwa imeisha, afande. Nilikuwa na chapo za lunch, nikazifunga na ile ya kasha zisipoe. Kichupa kikabaki kwa dirisha, kwa jua. Nilijua imekufa nikiona hiyo picha."

"Na kufuli?"

"Ni mimi nilivunja. Daktari amengoja hii kazi miaka mitatu. Niliona heri alaani mwizi kuliko anilaani mimi."

Munyiva alimgeukia. Hakuwa na hasira, na hilo lilimkera Ndeti zaidi.

"Ungeniambia tu, Nashon. Kingamwili inaagizwa nyingine. Damu ya wale watoto nilitumia nusu. Nusu niliigandisha, nikaiweka akiba."

"Wapi?" aliuliza Ndeti, pingu mkononi.

Daktari alinyoosha kidole, kisha akakishusha. Macho yake yalikuwa kwenye jokofu, lile ambalo Nashon aliliacha wazi usiku kucha ili wizi uonekane wa kweli. Maji yalikuwa bado yanadondoka.

Ndeti alitazama chini, kisha akasogeza kiatu chake.